Sigara ya Bi Kidude, Sauti ya Siti
Huku Kihonda, Mbaraka Mwinshehe akitajwa nasikia habari za gitaa lake. Salum Abdallah naye anakumbukwa kwa tungo. Lakini zamu ya mwanamke ikifika, tuseme Bi Kidude wa Zanzibar, tunaanza na sigara, pombe na umri. Hata filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 imebeba umri huo kwenye jina lake, As Old as My Tongue.

Sisemi kwamba alinyimwa heshima. WOMEX walimtunuku tuzo mwaka 2005, na alipofariki 2013 aliagwa kama malkia wa taarabu. Ila taji hilo halituelezi kazi yake. Kidude alikuwa pia mpiga ngoma za unyago, na sauti yake ina mikwaruzo na nguvu ya mtu aliyezoea kuimba ngoma ikilia.

Tena alikulia kwenye nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Kidude hakulificha deni hilo. Sisi tunaoandika uhakiki ndio tunalipita juu juu: tunamtaja Siti kwa sentensi moja, kisha tunarudi kwenye sigara.

Tukitaka kuwapanga wanawake hawa, tuulize tunachouliza kwa Mbaraka: nani alijifunza kuimba kwa kumsikiliza? Kwa kipimo hicho namweka Siti juu, na shahidi wangu wa kwanza ni Kidude mwenyewe.