Kupaka Rangi Picha za Kale: Je, ni Tafsiri au ni Uzushi?

Siku hizi imekuwa kawaida kuona picha za zamani za nyeusi na nyeupe zimepakwa rangi, zikaonekana kana kwamba zilipigwa jana. Wengi huzipokea kwa furaha na kusema kuwa zimefufuliwa. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki kama tunavyohakiki tafsiri yoyote: mfasiri alikuwa na nini mkononi, ameongeza nini, na amepoteza nini? Mfano wetu wa kwanza unatoka hapa Kigali, katika mtaa wa Gatsata.

Mwanafunzi wetu mmoja, mkazi wa Gatsata, alileta darasani picha mbili za bibi yake. Ya kwanza ni ndogo, imechakaa pembeni, na ilipigwa studio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ya pili ni hiyo hiyo, imekuzwa na kupakwa rangi kwa programu ya kompyuta katika kibanda kimoja cha picha. Humo bibi amevaa umushanana wa buluu iliyopauka, na ngozi yake ni ya maji ya kunde. Familia iliifurahia, ikaitundika sebuleni. Kisha akaja bibi mdogo, ndugu pekee aliyebaki wa marehemu. Aliitazama kwa muda, akasema: "Huyu siye dada yangu. Vazi lile lilikuwa la manjano, na dada alikuwa mweusi kuliko mimi."

Darasa liligawanyika. Baadhi walisema bibi mdogo amesahau, maana miaka ni mingi. Wengine walisema kompyuta imedanganya. Kwa maoni yetu, swali la kwanza ni hili: picha yenyewe inajua nini?

Filamu ya nyeusi na nyeupe hairekodi rangi. Hurekodi kiasi cha mwanga tu. Manjano na buluu iliyopauka zinaweza kutoa kijivu kile kile, na hakuna awezaye kuzitenganisha kwa kuitazama picha peke yake. Programu kama DeOldify, iliyotolewa mwaka 2018, au ile ya MyHeritage ya mwaka 2020, zimefunzwa kwa kupitishiwa picha nyingi mno za rangi, na hukisia kutokana na zile zilizoziona. Mashine ya namna hii inapokosa uhakika, aghalabu huchagua rangi ya katikati. Ndiyo sababu picha nyingi za aina hii zina ukahawia na upaukaji unaofanana, ziwe za Kigali au za Chicago.

Gatsata yenyewe ina somo hapa, kwani mtaa huu umejulikana kwa miaka mingi kwa magereji yake. Ukimpelekea mpiga rangi hodari gari lililopauka, hakisii. Hutafuta mahali ambapo jua halijafika, ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta au chini ya boneti, ndipo achanganye rangi yake. Bila sampuli atakuambia wazi kwamba mlango hautafanana na gari. Mpaka rangi wa picha angepaswa kuwa na uaminifu huo huo. Katika kisa chetu sampuli ilikuwapo: ni kumbukumbu ya bibi mdogo. Hakuna aliyemuuliza.

Pengine msomaji atasema kuwa rangi ya nguo ni jambo dogo. Na tukubali. Lakini rangi ya ngozi je? Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Kijerumani wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Rwanda, na mtaalamu wake Jan Czekanowski alipima watu na kuwapiga picha. Bamba nyingi za kioo za wakati ule hazikuhisi rangi nyekundu. Kwa hiyo udongo wetu mwekundu, na chochote chenye wekundu ndani yake, vilitoka vyeusi kuliko vilivyokuwa, na mbingu ikatoka nyeupe. Anayepaka rangi picha za namna hiyo huamua mwenyewe nani awe mweupe na nani awe mweusi. Katika nchi ambayo wakoloni waliwagawa watu kwa kupima pua na maumbo, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila katika vitambulisho, uamuzi huo si wa mapambo. Brashi inaweza kurudisha nadharia ile ile ambayo sisi tumeizika kwa gharama kubwa.

Kuna kosa kubwa zaidi. Mwaka 2021 jarida la Vice lilichapisha picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng nchini Kambodia, watu waliopigwa picha kabla ya kuuawa. Zilikuwa zimepakwa rangi, na baadhi ya nyuso zilibadilishwa zikatabasamu. Wizara ya utamaduni ya Kambodia ililalamika, na picha zikaondolewa. Ukumbusho wa Gisozi hauko mbali na Gatsata, na humo zimetundikwa picha za marehemu zilizotolewa na familia zao. Hatuwezi kufikiria mtu akizigusa picha zile kwa namna hiyo.

Je, tukatae kazi hii kabisa? La. Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2018 kuhusu askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilipakwa rangi kwa kulinganisha na sare halisi zilizohifadhiwa. Vivyo hivyo, anayepaka picha ya ukuta wenye imigongo ana ushahidi: rangi za asili za sanaa hiyo ni nyeupe, nyeusi na nyekundu, na malighafi zake zinajulikana. Tafsiri yenye ushahidi tunaipokea. Tunachodai ni kwamba isifiche kuwa ni tafsiri, na wala isichukue nafasi ya matini asilia.

Kwa walimu wa Kiswahili, jambo hili ni somo zuri la msamiati. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye mashina yake: -eupe, -eusi na -ekundu, rangi zile zile za imigongo. Nyingine zimeazimwa kutoka kwenye vitu: kijivu kutoka jivu, kahawia kutoka kahawa, zambarau kutoka tunda. Wape wanafunzi picha moja ya zamani, kisha wamhoji mzee aliyeishi wakati ule, waandike kila rangi anayoitaja na maneno anayoyatumia. Watajifunza lugha, na watakuwa wamekusanya kile ambacho programu haina.

Mwanafunzi wetu alirudi nyumbani akaitundika picha ndogo kando ya ile kubwa. Nyuma ya kubwa ameandika, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, kwamba rangi hizi ni za kukisia, na kwamba kwa ushahidi wa mdogo wake marehemu alivaa manjano. Kwetu sisi, huo ndio uhakiki bora kuliko wote uliotolewa darasani muhula huu.