Mabishano ya Murara: Kushinda Si Kuonyesha

Kati ya desturi ambazo tumerithi, watu huhesabu ngoma, ndoa, kilio na kupana majina. Mabishano hawayahesabu. Lakini mtu akitembea Murara saa za jioni atayakuta kila mahali: penye motari wanangojea abiria, penye kinyozi, penye mama anauza chai na mikate, mbele ya kibanda cha kuchajia simu. Hawaongei siasa tu, wala mpira tu. Wanabishana kama volkano ina hasira ao ina majira yake. Wanabishana kama gesi ya ziwa itawaka siku moja, kama wazee wa zamani walijua hesabu mbele ya Wazungu kufika, kama mtoto anasoma kwa akili ao kwa fimbo. Ni shule ya watu wasiokuwa na darasa, na wengi wetu tumesoma humo zaidi ya vile tunavyokubali.

Kinshasa, katika miaka ya 1990, makundi ya namna hii yalipata jina la parlement debout, ni kusema bunge la watu wenye kusimama. Yale yalikuwa ya siasa. Ya kwetu yanachanganya siasa, dini, fizikia na mambo ya nyumbani, na saa zingine katika sentensi moja. Katika kurasa hizi tunataka kuyapima mabishano hayo kama vile mtu anapima ngoma ao mashairi: uzuri wake uko wapi, na yameharibika wapi. Hatutaki kuyazima. Mtaa ambao watu wake hawabishani tena umekwisha kukata tamaa.

Namna mbili za kufunga mazungumzo

Namna ya kwanza tunaiita sauti ya diploma. Mtu anabishana vizuri kwa Kiswahili, lakini akiona anabanwa, anarukia Kifaransa. «Mazuku? Ile ni dioxyde de carbone, point final.» Wenzake wananyamaza. Si kwa sababu wameelewa, lakini kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana mjinga mbele ya watu. Hivi Kiswahili chetu kinakuwa lugha ya kuulizia, na Kifaransa lugha ya kufungia. Na mara nyingi yule aliyetaja jina la gesi hajaeleza kitu. Jina la kitu si sababu yake.

Namna ya pili ni sauti ya asili. «Bazee betu balijuaka yote, Bazungu njo baliiba.» Hii nayo inafunga. Huwezi kumwuliza mzee aliyekwisha kufa alijua nini, na yule anayeuliza anaonekana msaliti wa kabila lake.

Sauti hizi mbili zinajifanya adui, lakini ni mapacha. Zote zinatuomba tuamini kwa sababu ya yule anayesema, si kwa sababu ya kile kinachosemwa. Tuzipime kwa mambo matatu ambayo watu wa Murara wanayabishania kila mara.

Mbuzi anakufa, mwenye mbuzi anabaki

Mazuku wote tunayajua: yale mashimo na mabonde madogo, upande wa Lac Vert, Bulengo na Mugunga, ambamo mbuzi anaingia na hatoki. Wanasayansi wameliandika neno hili katika vitabu vyao vya Kifaransa na Kiingereza bila kulibadilisha, kwa maana hawakuwa na neno bora. Hiyo ni heshima kwa wale waliolitoa.

Mzee anasema: «Ni mapepo.» Kijana wa chuo kikuu anacheka. Lakini tuwasikilize vizuri wote wawili. Mzee anajua ni shimo gani, na anajua kwamba alfajiri, wakati upepo haujaamka, ndiyo saa mbaya. Anajua kwamba penye majani yamekauka na ndege mdogo amelala chini amekufa, mtoto asikanyage. Hayo yote ni mambo yaliyotazamwa miaka na miaka, na watu walilipa kwa uhai wa watoto na mifugo yao ili wayajue. Kijana naye anajua jina la gesi. Kwa kumcheka mzee, kijana anatupa nusu ya elimu. Na mzee, kwa kusema mapepo na kuishia hapo, anaficha nusu nyingine.

Swali ambalo lingewakutanisha ni rahisi, na ni mara chache tunasikia likiulizwa: kwa nini mbuzi anakufa na mwenye mbuzi, aliyesimama karibu yake, anabaki mzima? Kwa nini mtoto na si baba? Kwa nini mtu aliyelala na si aliyesimama? Kama ni pepo, mbona linachagua kwa urefu?

Jibu liko katika uzito. Katika mizani ya wakemia, gesi ile ina 44 wakati hewa tunayovuta ina karibu 29. Gawanya 44 kwa 29, utapata karibu moja na nusu. Gesi yenye uzito mara moja na nusu ya hewa hailei juu. Inalala chini kama maji kwenye beseni, mpaka upepo ama jua viichanganye na kuitawanya. Pua ya mbuzi iko ndani ya beseni, pua ya baba iko juu yake. Baba akiinama kumvuta mbuzi, pua yake nayo inaingia. Sasa tunaelewa kwa nini mzee alisema alfajiri, na kwa nini alisema shimo. Maneno yake yalikuwa sawa yote isipokuwa moja.

Lava inakimbiwa vipi, gesi inakimbiwa vipi

Bishano la ziwa ni kubwa zaidi, maana linahusu mji mzima. Nyiragongo ilitoka tarehe 10 Januari 1977, ikatoka tena tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya Goma mpaka ndani ya Kivu, na ikatoka mara nyingine jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Safari ile ya 2021 udongo uliendelea kutetemeka siku nyingi. Tarehe 27 Mei mamlaka ya jimbo iliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke, Murara ikiwa ndani, na ilisema kwamba mlipuko wa nchi kavu ao wa chini ya ziwa hauwezi kukataliwa. Watu mamia ya maelfu walishika njia, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua.

Katika siku zile kila mtu alikuwa na maneno. «Lava ikigusa gazi, ziwa itawaka kama petroli.» «Ni uongo, 2002 iliingia na hakuna kitu tuliona.» Kila upande ulikuwa na kipande cha kweli, na hakuna upande uliokigeuza ili kukitazama.

Tukitazame. Maji ya chini ya Kivu yanabeba gesi za namna mbili. Gesi ileile ya mazuku ni karibu kilometa za ujazo 300, na metani ni karibu 60. Metani inawaka: kituo cha KivuWatt cha Karongi, Rwanda, kilichozinduliwa mwaka wa 2016, kinaitoa ziwani na kufanya umeme wa megawati 26. Lakini kituo hicho kinalazimika kushusha mabomba mita mamia ili kuipata. Haiko juu ya maji ikingojea kiberiti. Na ile nyingine, ambayo ni mara tano ya metani, haiwaki hata kidogo, inazima moto. Basi anayesema ziwa ni tangi la petroli hajahesabu.

Na anayejibu kwamba 2002 hakuna kitu kilitokea? Ni kweli, lava iliingia na tabaka la gesi halikuvurugika, kwa maana haikufika kwenye kina kile. Lakini mara moja si kila mara. Huko Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa gesi usiku. Ilishuka mabondeni, na watu karibu 1,700 walikufa, wengi wakiwa wamelala. Ziwa lile ni dogo sana mbele ya Kivu.

Hapa ndipo tunaona bei ya kubishana vibaya. Watu walichanganya maswali matatu: lava itarudi? ziwa litawaka? ziwa litatoa gesi nzito? Kila swali linaomba miguu iende njia yake. Anayekimbia lava anatoka mbele ya mkondo wake, hata kama anapita bondeni. Anayekimbia gesi nzito anapaswa kupanda, na bonde ndilo adui yake. Njia ya Sake yenyewe inapita karibu na mahali pa mazuku. Mtu aliyekimbia gesi ya ziwa akatandika mkeka wake usiku kwenye shimo alikuwa amekimbilia gesi ileile. Mabishano yangeweza kumfundisha hayo miaka kumi mbele. Kelele zilikuwako, mafundisho hayakuwako.

Mfupa wa Ishango na namba zake

Bishano la tatu halina hatari, lina heshima ndani yake. Katika jimbo letu hili, penye Semliki inatoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka wa 1950 mfupa wa sentimeta karibu 10, wenye kipande cha jiwe la kwarzi kwenye ncha na alama zilizokatwa katika safu tatu. Leo uko Bruxelles. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka karibu 20,000.

«Hesabu ilianzia kwetu!» ndivyo vijana wanasema, na tunafurahi kuwasikia. Mwingine anajibu: «Zile ni alama za kushikia tu, mfupa usiteleze mukononi.» Wanaweza kupigana saa nzima bila mtu kutaja namba hata moja. Namba ni hizi. Safu moja: 11, 13, 17, 19. Safu ya pili: 11, 21, 19, 9. Safu ya katikati: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Msomaji achukue kalamu ajumlishe: 60, na 60, na 48.

Anayesema ni alama za kushikia tu ana deni la kueleza hizo 60 mbili. Anayesema wazee walijua namba tasa, zile ambazo shuleni tunaita nombres premiers, anashika safu ya kwanza, na ni kweli kwamba kati ya 10 na 20 namba tasa ni hizo nne tu. Lakini katika safu ya pili kuna 21 na 9, ambazo zinagawanyika kwa 3. Safu moja haitoshi kushuhudia jambo kubwa vile. Mmarekani Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi, ya miezi sita. Tuhesabu: miezi 6 ya siku 29 na nusu ni 177, alama zote pamoja ni 168. Zinapungua 9. Anaweza kujibu kwamba mfupa umechakaa. Basi aonyeshe mahali palipochakaa.

Kwetu sisi, kinachoonekana vizuri zaidi ni 3 kando ya 6, 4 kando ya 8, 10 kando ya 5: mtu anaongeza mara mbili, anakata nusu. Hiyo inatosha kuwa heshima kwa jimbo letu. Mwenye kuiongezea chumvi anawapa wabishi wa kesho sababu ya kukataa hata ile iliyo kweli.

Sheria ya fundi

Mtu asiseme kwamba kupima ni tabia ya kigeni. Fundi wa chukudu hashindi kwa sauti. Akisema gurudumu lake litavumilia mawe, chukudu inapakiwa magunia ya makala ao ya viazi, inashushwa kwenye mteremko, na inafika ao inavunjika. Hakuna anayemwuliza kama ana diploma, wala kama babu yake alikuwa fundi. Hiyo ndiyo desturi tunayotaka irudi katika mabishano yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache kwa jioni za chama chetu na kwa wote wenye kubishana mitaani. Anayetaja neno la Kifaransa alieleze mara moja kwa Kiswahili, hata kwa maneno mengi, asipoweza, hajalielewa. Anayetaja wazee aseme walitazama nini, wapi na saa gani. Anayetaja namba aiandike chini, wengine waihesabu. Na yule anayeuliza asichekwe. Wahenga wetu walikwisha kusema kuuliza si ujinga.

Walimu nao wana kazi hapa. Mtoto wa Murara anafundishwa uzito wa vitu kwa mafuta yanayoelea juu ya maji, anajibu vizuri kwenye mtihani, halafu likizo anaenda kuchunga mbuzi wa shangazi yake upande wa Mugunga. Somo lilelile linaweza kufundishwa kwa mazuku: 44 kwa 29, pua ya mbuzi na pua ya baba. Mtoto akirudi nyumbani na swali hilo, na mzee akimwonyesha ni mashimo gani na ni saa gani, hapo nusu mbili za elimu zitakuwa zimekaa kwenye mkeka mmoja.