Kwa nini Miata hukazwa puani

Vitabu vya ufundi wa magari vinakubaliana kwa hili: ukikaza stabilaiza ya mbele, gari linakuwa gumu kugeuka. Pua inasukuma nje ya kona, dereva anaongeza usukani, tairi za mbele zinalia na hazitii. Sasa nenda Lincoln, jimbo la Nebraska, mwezi Septemba, kwenye sakafu ya zege ya uwanja wa ndege uliokuwa wa jeshi, ambako Sports Car Club of America (SCCA) hufanyia fainali zake za taifa za autokrosi. Chungulia chini ya Mazda Miata zilizopanga foleni katika kundi la Street, yaani magari ya barabarani yasiyobadilishwa sana. Nyingi zimefungwa stabilaiza ya mbele nene kuliko ile ya kiwandani, na ya nyuma imeachwa kama ilivyotoka Hiroshima. Waliozifunga wanataka pua igeuke haraka kuliko ya jirani. Wamefanya kinyume cha kitabu, na saa inawapa haki.

Kabla ya kueleza imekuwaje, mchezo wenyewe. Gari moja moja linapita kati ya koni zilizopangwa juu ya lami au zege, kwa muda wa dakika moja hivi, mara chache likizidi kilomita 100 kwa saa. Koni ikiangushwa, sekunde 2 zinaongezwa kwenye muda wako. Ukikosea njia, mzunguko huo hauhesabiwi. Kwenye fainali kuna siku mbili na njia mbili tofauti, mizunguko mitatu kila siku, na muda bora wa kila siku unajumlishwa na wa siku nyingine. Mazoezi ya gari hakuna. Unaruhusiwa kuitembea njia kwa miguu, uikariri, basi. Washindi hutenganishwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Gari linalohitaji mizunguko miwili ya kuzoewa limeshashindwa.

Miata ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mnamo Februari 1989, ikiwa kazi ya timu ya mhandisi Toshihiko Hirai. Ni ndogo, nyepesi, injini mbele, nguvu zinakwenda nyuma, na kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Ya 1990 kwa soko la Marekani ina injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 116. Si nyingi, lakini katika autokrosi kona inakuja kabla hujamaliza kukanyaga.

Kanuni za Street ndizo zinazoleta utamu. Springi hazibadilishwi. Gari haliteremshwi. Upana wa rimu ubaki wa kiwandani, kipenyo kinaweza kuongezwa au kupunguzwa inchi moja. Shokapu unaweza kubadilisha, pedi za breki pia, na bomba la eksosi kuanzia nyuma ya kichujio cha moshi. Alaimenti ipangwe ndani ya nafasi aliyoiacha mtengenezaji. Stabilaiza unaruhusiwa kuigusa moja tu: ya mbele au ya nyuma. Ukichagua mbele, nyuma umeisamehe. Swali zima la ufundi linabanwa hapo.

Tufanye hesabu. Miata ya 1990 pamoja na dereva inakaribia kilo 1,040. Tuchukulie kitovu cha uzito wake kiko sentimita 45 kutoka chini, na kati ya tairi za kulia na za kushoto kuna mita 1.42. Ikiingia kona ya kushoto kwa nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wake, jambo ambalo tairi nzuri za siku hizi hulimudu juu ya zege, kilo 330 hivi zinahama kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa nje unabeba 850, wa ndani unabaki na 190. Springi, shokapu na stabilaiza haziwezi kuzipunguza kilo hizo 330 kwa kiasi cha maana. Zimeshaamuliwa na urefu wa kitovu, upana wa gari na ukali wa kona. Fundi ana sauti katika mambo mawili tu: mbele na nyuma zigawane vipi mzigo unaohama, na uhame kwa haraka gani.

Kwenye kugawana, kitabu kina hoja. Tairi ukiliongezea mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka, lakini kwa kubania. Kwa hiyo ekseli inayolazimishwa kupokea sehemu kubwa ya mzigo unaohama hupoteza mshiko kuliko mwenzake. Stabilaiza ni fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto na kukataa lile moja lisipande peke yake. Ukiinenepesha ya mbele, mbele inabeba zaidi, na pua ndiyo inayoteleza kwanza. Hilo ni kweli, lakini linachukulia kwamba tairi limekaa sawasawa juu ya ardhi.

Kwenye Miata ya kundi la Street halikai. Springi za kiwandani ni laini, zilichaguliwa ili mtu asafiri bila kuumia mgongo. Gari likiingia kona kwa nguvu, mwili unalala. Ukilala digrii 4, tairi la nje la mbele nalo linavutwa kulala kuelekea nje. Ile mikono miwili inarudisha sehemu tu ya mlalo huo. Dawa ya kawaida ni kuweka kemba kubwa, yaani kulilaza tairi kwa ndani mapema ili kwenye kona lisimame wima. Lakini kwa urefu wa kiwandani, nafasi ya marekebisho ya mbele inakupa digrii moja na kitu, na kanuni hazikuruhusu kutafuta zaidi. Matokeo yake tairi la mbele linasimama kwa bega lake, nusu ya ndani ya mpira ikiwa haina kazi. Hapo fito nene inalipa: inapunguza kulala, tairi linakaa kwa upana wake, na mshiko unaopatikana ni mkubwa kuliko ule uliopotea kwenye mgawanyo wa mzigo. Nyuma hakuna dhiki hiyo, kwa sababu nafasi ya kemba ya nyuma ni kubwa zaidi.

Faida ya pili iko mbali na pale fito ilipofungwa. Ni gurudumu la nyuma la ndani. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa, na gurudumu lenye mzigo mdogo ndilo linalopanga kiwango: likianza kuzunguka bure, la pili nalo halipati zaidi ya hapo. Mbele ikibeba sehemu kubwa ya kilo zinazohama, nyuma inabeba ndogo, kwa hiyo gurudumu la nyuma la ndani linabaki limekanyaga. Dereva anafungua mafuta mapema akitoka kwenye kona, na farasi 116 wanahitaji kila nusu sekunde wanayoweza kupewa. Binafsi naona hii ndiyo sababu kubwa kuliko ya kemba, ingawa wengi huitaja kama ya pili.

Unene wenyewe unadanganya macho. Ugumu wa fito ya chuma isiyo na uwazi hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ya milimita 19 ukiibadilisha kwa ya 24, mkononi unaona tofauti ndogo, lakini ugumu umekuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo maana linki za pembeni hufungwa zile zinazorekebishika, na hufungwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, dereva ameketi ndani au uzito wake umewekwa kitini. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki bila kurekebisha urefu wake, fito inaweza kubaki imesokotwa hata barabara ikiwa nyoofu, na gari litageuka kulia tofauti na kushoto. Nimeshasikia watu wakilaumu tairi kwa kosa hilo.

Upande wa haraka ya kuhama ni kazi ya shokapu. Fikiria koni zilizopangwa mstari mmoja, mita 18 kati ya moja na nyingine, gari likizipita kwa zigizaga kwa kilomita 65 kwa saa. Hiyo ni koni moja kila sekunde. Kulia, kushoto, kulia, na mwili wa gari haupati nafasi ya kutulia hata mara moja. Hesabu ya kilo 330 ni ya kona ndefu. Hapa kinachoamua ni safari ya mzigo, na safari hiyo inasimamiwa na mafuta yanayopenya kwenye vali za shokapu. Kwa hiyo katika kundi hili fedha nyingi huishia kwenye shokapu zenye kitasa cha kurekebisha, hasa ugumu wa kujinyoosha baada ya kubanwa. Kikiwa legelege, gari linaendelea kuyumba dereva akiwa ameshafika koni inayofuata. Kikikazwa kupita kiasi, kwenye zege lenye viungo vibovu gurudumu halirudi chini kwa wakati, na gari linajikuta limechuchumaa huku tairi likiruka. Robo tu ya mzunguko wa kitasa huweza kuligeuza gari likawa jingine.

Tairi ndizo ghali kuliko yote ukihesabu msimu mzima. Mwaka 2014 SCCA iliachana na kundi la zamani la Stock, lililoruhusu tairi za mashindano, ikaanzisha Street, na sasa tairi lazima liwe na alama ya ulikaji ya 200 au zaidi. Alama hiyo ni ya mfumo wa serikali ya Marekani: tairi huendeshwa maili 7,200 kwenye barabara za magharibi mwa Texas na kulinganishwa na tairi la kipimo lenye alama 100. Lakini anayeandika alama ubavuni ni mtengenezaji mwenyewe. Ndivyo tulivyofika kwenye Bridgestone RE-71RS na Yokohama A052, tairi zenye 200 ubavuni na mpira laini usiofanana hata kidogo na wa tairi la kwenda kazini. Kanuni ilitaka kupunguza gharama. Viwanda vikasoma kanuni vizuri kuliko walioiandika.

Upepo wa tairi unapimwa kwa chaki. Kabla ya mzunguko, mwenye gari anachora mistari mitatu kutoka kwenye uso wa tairi hadi ubavuni, kwenye tairi za mbele hasa. Akirudi anapiga magoti na kuangalia chaki imefutika hadi wapi. Tairi nyingi zina alama ndogo ya pembetatu begani. Chaki ikifutika hadi kwenye ncha yake, upepo unatosha. Ikivuka kwenda ubavuni, tairi linapinduka, linaongezwa upepo. Isipofika, linapunguzwa. Kwenye zege la Lincoln, jua likiwaka na madereva wawili wakishirikiana gari moja, mpira unapata joto kupita kiasi, na utaona watu wakizunguka na bomba la kunyunyizia dawa bustanini wakizimwagia tairi maji kati ya zamu.

Alaimenti iliyobaki haina siri kubwa: mbele tairi zinyooke sawasawa au zifunguke kidogo kwa nje ili gari liitikie usukani, nyuma zitazame ndani kidogo ili mkia usitupe breki zinapokanyagwa. Kinachokula tairi barabarani ni huo ufungukaji wa nje zaidi kuliko kemba, na gari hili linarudi nyumbani kwa magurudumu yake.

Kipenyo cha tairi kinastahili dakika moja. Gia ya pili ya Miata hiyo ni 1.888, difu 4.30. Kwa tairi ya kiwandani ya 185/60R14, injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, gari liko kilomita 93 kwa saa. Karibu njia nzima inamalizwa kwa gia hiyo moja, bila kupoteza muda kwenye klachi. Ukipanda rimu ya inchi 15 na tairi ya 195/50, kipenyo kinabaki karibu kilekile. Ukienda kwenye tairi fupi zaidi unapata msukumo zaidi ukitoka konani, lakini gia inaisha mapema kwenye sehemu ya kasi, na kubadilisha kwenda ya tatu kwa mita thelathini ni hasara tupu.

Mafuta nayo yanapimwa. Tangi la lita 45 likijaa ni kilo 33 hivi, kwa hiyo wengi huingia na robo. Chini ya hapo kona ndefu inaweza kuyasukuma pembeni, pampu ikavuta hewa na injini ikakatika katikati ya njia.

Kenya nayo ina mashindano ya taifa ya autokrosi chini ya KMSF, shirikisho la michezo ya magari la nchi hiyo, na Jamhuri Park jijini Nairobi imekuwa mmoja wa viwanja vyake, ila hukimbiwa kwenye vumbi. Hapo sehemu kubwa ya niliyoeleza inageuka. Juu ya udongo mshiko ni mdogo, gari halilali sana, na kazi ya kwanza ya gurudumu ni kufuata mabonde na mashimo, kila moja kivyake. Fito nene inayafunga mawili pamoja, shimo la kushoto likalisumbua la kulia. Kwa hiyo mwenye gari la barabarani anayetaka kujaribu kwenye vumbi asinunue stabilaiza. Aanze kwa kuzifungua linki za ile aliyonayo, aifunge fito kwa waya isigonge chochote, kisha alinganishe muda kabla na baada.