Mzigo Anabebeshwa Nani? Ubaguzi wa Rangi katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Mwalimu mwenzangu, huenda ukashangaa kwamba makala haya yanakujia na vitabu vya watoto wa chekechea ilhali mimi nawe twafundisha shule ya upili na mitihani iko mlangoni. Nivumilie. Kitabu cha picha huwa na kurasa 32 hivi. Husomwa chote, mwanzo hadi tamati, katika kipindi kimoja, na kabla kengele haijalia wanafunzi wamekwisha kuzungumzia msuko, wahusika na dhamira. Sijui ni riwaya gani teule inayokupa fursa hiyo.

Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na darasa la Kidato cha Pili ambamo msichana mmoja aliitwa "Sudan" na wenzake kwa sababu ya weusi wake. Alikuwa amelizoea jina hilo, au ndivyo nilivyodhani, kwa kuwa aliliitikia. Siku moja, nikirudisha insha, mimi mwenyewe nikamwita hivyo. Darasa likaangua kicheko. Yeye akaja, akachukua daftari lake, akarudi kuketi. Hakucheka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikivisaka vitabu vinavyozungumza na watoto kuhusu rangi ya ngozi, nikitaka kujua vinasema nini hasa, na vinamwambia nani.

Tuanzie Marekani, maana huko ndiko vitabu vya aina hii vilikokita mizizi. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha makala iliyowakera wachapishaji wengi: kati ya vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotolewa kwa miaka mitatu, ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, ama katika maneno ama katika michoro. Kitabu cha Ezra Jack Keats, The Snowy Day (1962), kilikuwa miongoni mwa hivyo vichache. Mtoto Peter anacheza kwenye theluji, na maandishi hayataji rangi yake popote. Ni mchoro tu unaotufichulia kwamba ni mweusi. Wapo waliokisifu kwa hilo, na wapo, Larrick akiwamo, walioona kwamba mama yake Peter amechorwa kwa mtindo wa zamani wa kuwadhihaki wanawake weusi. Mimi nakitaja kwa jambo moja: katika kitabu cha picha, mchoraji naye ni msimulizi. Anayehakiki maneno peke yake amehakiki nusu ya kazi.

Sasa twende kwa Ruby Bridges. Tarehe 14 Novemba 1960, msichana huyu wa miaka sita aliingia shule ya msingi ya William Frantz jijini New Orleans akisindikizwa na maafisa wa serikali ya shirikisho, huku umati wa wazungu ukimzomea. Wazazi wazungu wakawaondoa watoto wao, naye akasoma karibu mwaka mzima peke yake darasani na mwalimu mmoja, Barbara Henry, aliyetoka Boston. Kisa hiki kimeandikiwa watoto mara nyingi. Linganisha matoleo mawili nawe utaona jinsi msimulizi anavyoweza kuyageuza maana matukio yale yale.

Robert Coles, daktari wa magonjwa ya akili aliyemfahamu Ruby wakati huo huo, alitoa The Story of Ruby Bridges mwaka 1995, kwa michoro ya George Ford. Kilele cha kitabu chake ni sala. Mwalimu, akiwa dirishani, anamwona Ruby amesimama katikati ya umati, midomo yake ikicheza. Anadhani mtoto anazungumza na wale watu, kumbe anawaombea. Tukio hilo ni la kweli na linagusa moyo. Nimelisoma kwa sauti darasani mara nyingi, na kila mara darasa hunyamaza kimya. Hata hivyo, jiulize, mwalimu: mtoto msikilizaji anaondoka na nini? Anaondoka na picha ya mtakatifu mdogo. Mtu mzima ndiye anayekosea, na mtoto ndiye anayesamehe. Kazi yote ya kimaadili imefanywa na yule mwenye umri wa miaka sita.

Ruby Bridges mwenyewe aliposhika kalamu na kuandika Through My Eyes (1999), kitabu cha picha za kamera kwa watoto wakubwa kidogo, mambo yakachukua sura nyingine. Anatuambia kwamba alipouona umati ule mara ya kwanza alidhani ni Mardi Gras, sherehe za barabarani zinazojulikana sana jijini kwao. Hili, kwa maoni yangu, ni jambo bora kuliko yote katika maandishi yanayomhusu. Mtoto haujui ubaguzi mpaka afundishwe. Akiona watu wengi wanapiga kelele, anatafuta ngoma iko wapi. Kisha anaona mwanamke ameshika jeneza dogo lenye mwanasesere mweusi ndani, na hilo likamtia hofu kuliko matusi. Aidha twaelezwa kwamba baba yake alipoteza kazi. Na siku moja mvulana mzungu anamwambia kwamba hawezi kucheza naye kwa kuwa mama yake amemkataza, na anataja rangi yake. Ndipo mtoto alipotambua kwamba zogo lote lile lilitokana na ngozi yake. Hapa hapana utakatifu. Pana mtoto anayeunganisha vipande kimoja kimoja, na msomaji huviunganisha pamoja naye.

Jambo jingine halitiliwi mkazo. Siku ile ile, katika jiji lilo hilo, wasichana wengine watatu weusi walianza shule ya McDonogh namba 19: Leona Tate, Gail Etienne na Tessie Prevost. Wangapi kati yetu tumewahi kuwasikia? Kitabu cha picha hupenda shujaa mmoja, aliye peke yake, awezaye kutoshea kwenye jalada. Umbo la utanzu lenyewe limewameza watatu.

Isidhaniwe kwamba haya ni mabishano ya wahakiki tu. Mwaka 2021, katika jimbo la Tennessee, kundi la wazazi lilipinga kitabu kingine cha Ruby, Ruby Bridges Goes to School, likidai, pamoja na mengine, kwamba umati wa wazungu wenye hasira umesawiriwa kwa ukali mno. Mtoto alizomewa, miaka sitini baadaye malalamiko ni kwamba wazomeaji wameonekana vibaya.

The Other Side cha Jacqueline Woodson (2001), chenye michoro ya rangi za maji ya E. B. Lewis, kinaponea chupuchupu mtego huu wa shujaa mmoja. Ua wa mbao unagawa mji: weusi huku, weupe kule. Clover ameonywa na mama yake asiuvuke. Annie, mtoto mzungu, huja kila siku kuuegemea. Anapoomba aruhusiwe kuruka kamba na wasichana weusi, anayemkatalia ni Sandra, mmoja wao, wala hakuna anayemlaumu Sandra kwa hotuba. Hatimaye watoto wanagundua kwamba wamekatazwa kuuvuka ua, ila hakuna aliyewakataza kukaa juu yake. Wanakaa. Ua unabaki pale pale hadi ukurasa wa mwisho. Wanafunzi wangu walitambua upesi kwamba ua ni taashira, lakini lililowachangamsha ni ule ujanja wa kukaa juu ya katazo lenyewe. Waliojenga ua ni watu wazima, na kitabu hakiwadai watoto waubomoe.

Nimalizie na Sulwe (2019) cha Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o, kwa michoro ya Vashti Harrison. Jina hilo ni nyota kwa Dholuo. Adui hapa si mzungu. Ni ule ubaguzi wa sisi kwa sisi, wa kupima nani mweupe zaidi nyumbani na shuleni. Sulwe ni mweusi kuliko jamaa zake wote. Dada yake anapewa majina ya jua na urembo, yeye anaitwa majina ya giza. Anajaribu kujifuta kwa raba. Anajipaka vipodozi. Anakula vyakula vyeupe na kusali apambazuke akiwa mweupe. Kisha anasimuliwa kisa cha dada wawili, Usiku na Mchana, jinsi Usiku alivyodharauliwa akaondoka, na watu wakateseka kwa mwanga usiokoma mpaka wakamhitaji. Michoro ya kisa hicho, zambarau na buluu iliyokolea, ni ya kustaajabisha. Weusi umepewa mng'aro.

Hata hivyo nina dukuduku. Ndani ya kisa, watu waliomdharau Usiku wanaonja makosa yao. Nje ya kisa, tunaachwa na furaha ya Sulwe, lakini wale wenzake wa shuleni hawaulizwi neno. Kama Ruby wa Coles, ni yeye aliyeumizwa ndiye anayejitibu.

Muhula uliopita nililipa darasa langu la Kidato cha Tatu zoezi: andika ukurasa unaokosekana, kwa sauti ya mmoja wa waliompa Sulwe majina. Karibu nusu waliandika kwamba mhusika alikuwa akitania tu. Wachache walimfanya aombe radhi. Mwanafunzi mmoja aliyabadilisha maagizo yangu, akaandika ukurasa mzima kwa sauti ya mwalimu.