Namna ya Kuipima Distro ya Seva

Fundi seva mzoefu akikabidhiwa distro mpya, yaani mfumo endeshi uliofungashwa tayari, hapotezi muda kwenye dashibodi. Michoro ya rangi imewekwa kumvutia anayesaini hundi. Yeye anausimika mfumo kwenye mashine ya majaribio, anaingia kwenye skrini nyeusi na kuandika ss -tulnp. Amri hiyo humworodheshea kila programu iliyokaa mlangoni ikisubiri wageni wa mtandaoni. Mfumo ulionadiwa kuwa ni wa kuhifadhi mafaili ya ofisi ukionyesha pia huduma ya printa, ya barua pepe na hifadhidata ambayo hakuna aliyeiomba, basi fundi ameshamjua aliyeutengeneza: alirundika, hakuchagua.

Na kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Mifumo maalumu ya seva haianzi na karatasi tupu; karibu yote imezaliwa katika nyumba kubwa chache: Debian, FreeBSD, familia ya Red Hat. Kwa hiyo ulizia ukoo. m0n0wall, mfumo mdogo wa ukuta wa moto alioanzisha Manuel Kasper mwaka 2003, ulizaa pfSense mwaka uliofuata, na FreeNAS, ambayo leo inaitwa TrueNAS, ilijengwa juu ya m0n0wall hiyo hiyo mwaka 2005. Kasper alipoufunga mradi Februari 2015 hakuwaacha watumiaji wake njia panda. Aliwaelekeza wautazame mfumo mwingine wa ukuta wa moto, OPNsense. Hata kufunga duka kuna ustadi wake.

Lakini ukoo mwema si kinga. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian aliondoa mistari miwili katika programu ya OpenSSL, inayotengeneza funguo za siri, kwa sababu chombo cha kukagua msimbo kilikuwa kikiilalamikia. Hakukurupuka, aliwauliza kwanza watu wa OpenSSL, nao hawakumkatalia. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa ikichanganya karata. Bila hiyo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, mashine ilibaki na uwezekano usiozidi 32,768, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa kujaribu mmoja mmoja. Kosa likakaa humo hadi Mei 2008, lilipofichuliwa na Luciano Bello. Seva zilizotengeneza funguo katika kipindi hicho zililazimika kuzitupa na kuanza upya.

Ndiyo maana mjuzi huhesabu viraka. Hufungua hazina ya msimbo na kuangalia distro imebadilisha nini katika kazi ya waandishi wa awali, kila kiraka kina maelezo gani, na kama kilirudishwa kwao wakikague. Viraka vichache vyenye sababu ni dalili ya fundi. Viraka 300 visivyo na maelezo ni kanzu ya ombaomba, hata ikipigwa pasi.

Kisha ahadi. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kuwa CentOS 8, mfumo wa bure wa familia yake ambao watu walitarajia utunzwe hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Kampuni zilizokwisha kuhamia humo zilibaki na mwaka mmoja. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, warithi walijitokeza upesi: Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, alianzisha Rocky Linux, akaipa jina la marehemu mwenzake Rocky McGaugh, nayo kampuni ya CloudLinux ikaleta AlmaLinux. Mnunuzi makini haridhiki na tarehe iliyoandikwa kwenye tovuti. Huuliza jina ni mali ya nani, funguo za kutilia saini vifurushi anazo nani, na kama mtu wa nje anaweza kuujenga mfumo mzima upya bila ruhusa ya yeyote.

Kusimika mfumo siku ya kwanza hakumshindi mtu. Kazi ipo siku ya kupanda toleo. Proxmox VE, mfumo wa Vienna uliojengwa juu ya Debian, unapendeza hapo. Kabla ya kutoka toleo la 7 kwenda la 8 unaendesha amri pve7to8, nayo inapita mashine nzima ikitaja kasoro moja moja bila kugusa kitu. Mtengenezaji aliyeandika chombo cha namna hiyo ameshawahi kuona seva ikikataa kuwaka usiku wa manane, na hakutaka yakukute wewe.

Ukifika hapo bado hujamaliza. Chomoa diski moja kati ya mbili zinazoakisiana, mashine ikiwa kazini, usome ujumbe utakaotokea: je, unaitaja diski kwa namba yake ya kiwandani, au unasema tu kuna hitilafu? Halafu chukua nakala rudufu ya jana uirejeshe kwenye mashine tupu, kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa peke yake, bila kumpigia simu yeyote. Ikikushinda, distro hiyo usiiingize ofisini.