Sifa ya Kufungua Tena

Fundi pikipiki hupimwa siku anapofungua tena alichokifunga mwenyewe. Kazi ya kwanza ina wa kulaumiwa: barabara, mwenye chombo, spea hafifu, umri. Kazi ya pili haina. Pikipiki ya zamani imetoka gereji, inawaka kwa kiki moja, lakini upande wa kushoto wa injini kuna mkwaruzo mwembamba unaokwenda na mzunguko, na betri haijai. Alteneta imefungwa vibaya. Hapo pana njia mbili: kuongeza mafuta ili sauti isisikike, au kulaza spana chini, kutoa kifuniko na kuanza upya. Ufundi ninaousifu hapa ni huo wa njia ya pili, na nadhani ndio ufundi mkubwa kuliko wote wa gereji.

Tarakea, mji wa mpakani wilayani Rombo, unaonyesha vizuri uzito wa jambo hili. Pikipiki hupandisha na kushusha abiria, ndizi na magunia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, iko Loitokitok. Ukungu wa mlima ukishuka jioni, dereva anategemea taa. Kwenye pikipiki nyingi za zamani nguvu ya taa hufuata mwendo wa injini, kwa hiyo mwanga hufifia pale dereva anapopunguza mwendo kwenye kona, ndipo anapouhitaji zaidi. Alteneta iliyolegea kidogo tu inaweza kumwacha mtu gizani ukingoni mwa korongo.

Undani wake ni huu. Sumaku huzunguka, koili zimetulia, na baina yao pana nafasi. Umeme hupatikana nguvu ya sumaku inapovuka nafasi hiyo. Ikiwa kubwa mno, umeme hupungua. Ikiwa haipo, chuma hula chuma. Alteneta ya Lucas, iliyoingia kwenye Triumph Speed Twin mwaka 1953 na kuenea katika pikipiki nyingi za Uingereza, ilitaka nafasi ya takriban milimita 0.2, yaani unene wa karatasi mbili za kawaida. Koili zake hukaa juu ya boliti tatu zinazoitwa stadi, na stadi moja ikipinda kidogo, duara lote huhama. Kipimo cha fila cha chuma hakifai sana hapo, maana sumaku hukinyakua na kukipeleka inakotaka yenyewe. Fundi mjuzi hukata ukanda wa kopo la soda la alumini. Ukuta wa kopo una unene wa milimita 0.1 hivi, na sumaku haivuti alumini. Ukanda ukikunjwa mara moja, kipimo kimepatikana. Huuzungusha juu ya sumaku, huteremsha koili juu yake, hukaza nati kidogo kidogo kwa zamu, kisha huuvuta nje. Unapaswa kutoka kwa uzito uleule kila upande. Ukibana mahali pamoja, nati zote zinalegezwa.

Lakini kabla ya kupanga, lazima kosa lisomwe, na hapa ndipo ninapoona akili ya kazi hii. Alama ya mkwaruzo inasema kweli ukijua kuihoji. Koili zikiwa zimekwaruzwa mahali pamoja tu, huku sumaku imekwaruzwa kuzunguka mwili mzima, basi koili ndizo zilizokaa upande: kila sehemu ya sumaku imepita na kugusa palepale. Mambo yakiwa kinyume, sumaku ina alama moja na koili zimekwanguliwa pande zote, basi kinachoyumba ni sumaku, au shafti imepinda. Mtu anayeweza kutenganisha hali hizi mbili kwa kutazama mistari miwili ya chuma kinachong'aa anafikiri kama hakimu anayepima ushahidi. Kwenye pikipiki nyingine za Kijapani, ambazo sumaku hufunika koili kama kofia, kuna ushahidi wa tatu: kii ya nusu mwezi. Wengi hudhani kii ndiyo inayoishika sumaku. Kinachoishika ni mbano wa koni ya shafti ikiwa safi, kavu na nati imekazwa sawasawa. Kii huonyesha mahali tu. Tone la mafuta likibaki kwenye koni, sumaku huteleza, kii huliwa, cheche huja si wakati wake, na kiki hurudi na kumpiga dereva mguuni.

Atasema mtu: kwa nini mahangaiko yote haya na spea mpya zimejaa madukani? Koili mpya ikikalishwa juu ya stadi iliyopinda italiwa kama ya kwanza, na mwenye pikipiki atakuwa amelipia kosa lilelile mara mbili. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fundi wa kweli hapaswi kukosea, na kumsifu anayerudia ni kumlea mzembe. Nalikubali kwa sehemu. Aliyeitoa sumaku kwa nyundo badala ya pula akaipasua hana cha kupanga tena, na gharama ni yake. Ila kazi yenyewe ina mitego ambayo hata makini hunaswa nayo: sumaku huokota skrubu ndogo mezani bila mtu kuona, na nati ya mwisho inapokazwa husogeza kilichokuwa sawa. Kosa moja haliachi mke.

Wapo pia wanaosema kipimo cha kopo la soda ni ufundi wa shida tu, na usahihi unataka mashine. Lakini Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji kutoka mitoni hadi migombani kwa mikono. Mfereji ukiinama mno maji hula udongo, ukilala mno husimama. Waliupata mteremko kwa kuyatazama maji yenyewe na kurekebisha walipokosea. Leo VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutambua rasmi ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na hilo ni jema, kwa sharti mtihani uwe na sehemu ya kufungua tena.

Ukanda ukishatoka, fundi hufungua plagi ili injini izunguke nyepesi, akaisukuma kiki kwa mkono polepole huku sikio lake likiwa karibu na kifuniko. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Hakuna mkwaruzo. Hulegeza, hukaza tena ile nati ya mwisho, na kuuingiza ukanda upya.