Kiti tulichomupa mukaka

Wandugu, kuko video moja inazunguka kwenye WhatsApp: wamama wazee wa Ulaya wanaruka na kurusha mikono mbele ya televizyo. Ni mchezo wa video unaochezwa na mwili muzima, na wanasema unachunga akili ya uzee. Rafiki alinitumia hiyo video na neno moja tu: "Tumechelewa." Mimi ni mutu wa kilimo, siko munganga. Lakini hilo neno ninalipinga.

Kwanza tuseme kweli: mchezo huo si upuuzi. Mwaka 2012, Cay Anderson-Hanley na wenzake kule Marekani walitoa utafiti juu ya wazee waliopiga velo isiyotoka mahali pake, kwa miezi 3. Wamoja walikuwa na ekra yenye barabara na watu wa kushindana nao, wengine velo tupu. Nguvu waliyotumia ilikuwa karibu sawa, lakini wenye ekra ndio waliendelea zaidi katika kupanga mambo na kugawa mawazo. Inaonekana muguu ukitumika pamoja na kichwa, kichwa nacho kinapata faida.

Sasa angalieni vizuri. Ekra ilishinda velo tupu. Haikushindana na mukaka anayepanda kilima cha Vuhovi na kitunga mugongoni. Yeye njiani anafikiri: haragi gani inataka vijiti na gani haitaki, mbegu gani ya Septemba na gani ya Februari, nani ana deni lake, nani amefiwa na hajaenda kumuona. Sisemi jembe ni dawa. Jembe linavunja mugongo, wote tunajua. Ninasema tu kwamba kile wanachotafuta kwenye ekra, mukaka alikuwa nacho.

Alikuwa nacho. Shida iko hapo. Tangu mauaji ya Beni yaanze mwaka 2014, familia nyingi ziliacha mashamba. Mukaka wangu anaishi na sisi Butembo, nyumba ya kupanga. Sisi wajukuu, kwa heshima, tulimunyanganya kazi yote: "Kaa, mukaka, pumzika." Alikaa. Kisha akaanza kuuliza swali moja mara tatu, mara ine. Labda ni huzuni, labda ni tansyo, munganga ndiye atasema. Lakini kile kiti ni sisi tulimupa.

Mwaka huu nilijaza udongo katika mifuko mine nyuma ya nyumba, nikapanda lenga-lenga. Mukaka alisimama, akaangalia, akaniambia: "Umebananisha. Ulisoma nini huko?" Akangoa mwenyewe, akapanda upya. Maswali yake bado anayarudilia. Lakini asubuhi anaamuka na kitu cha kufikiria, na jirani wanakuja kumuomba mbegu.

Kwa hiyo, mbele ya kutafuta pesa ya konsole, jiulizeni: kwenu, mukaka anafanya nini toka asubuhi?